Nambari nne za siri: Kwa nini usalama wa mtandao ni muhimu Garissa na Kaskazini Mashariki

KATIKA miaka ya 1990, kabla ya simu za mkono kufika katika kambi za wakimbizi za Dadaab, mawasiliano ya masafa marefu yalifanywa kwa simu ya upepo ambayo Wasomali waliiita taar. Mwenye mtambo aliketi kibandani akaita jina hewani, na upande wa pili, Mogadishu au Nairobi, mtu akatumwa kumtafuta anayehitajiwa. Saa iliyoafikiwa ikifika, jamaa hao wawili walizungumza. Fedha zilizopitia kwa mawakala wa hawala zilitangazwa kwa njia iyo hiyo: jina la mpokeaji, jina la mtumaji, na kiasi.

Hapakuwa na siri. Yeyote aliyekuwa na mtambo uliowekwa katika masafa yale alisikia kila neno, na waliosimama mlangoni mwa kibanda walisikia pia. Wakala wa fedha naye mara nyingi hakuwa na kitambulisho cha kukagua. Alimuuliza mpokeaji ukoo wake, jina la babu yake na la baba wa babu yake, na majibu yalipolingana alimkabidhi fedha zake. Wataalamu wa leo wangeuita huo uthibitishaji wa utambulisho, na haukuwa duni kama mtu anavyoweza kudhani.

Nimeanzia kwenye taar kwa sababu ilikuwa na adabu moja ambayo mitandao ya leo imeisahaulisha. Kila aliyeitumia alijua kwamba anasikika, na akapima maneno yake. Simu ya mkono imetuletea hisia ya faragha, kwamba ni mimi na ninayezungumza naye tu, ilhali ujumbe, fedha na picha zetu hupita mikononi mwa mashine na watu tusiowaona. Hatari nyingi zinazowakumba watumiaji wa simu na tarakilishi katika eneo hili zinatokana na hisia hiyo.

Maana ya usalama wa mtandao

Mtandao, kwa maana ya kiufundi, ni tarakilishi, simu na mitambo mingine iliyounganishwa ili kupashana habari. Usalama wa mtandao ni kuhakikisha mambo matatu kuhusu habari hizo: kwamba zinasomwa na anayestahili kuzisoma pekee, kwamba hazibadilishwi na asiye na idhini, na kwamba zinapatikana wakati zinapohitajika. Watu wengi hufikiria jambo la kwanza tu, yaani siri. Kaskazini Mashariki, kama tutakavyoona, mambo hayo mengine mawili yamewaumiza watu pengine zaidi.

Miaka ishirini iliyopita suala hili lilionekana kuwa la mabenki ya Nairobi. Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009, na serikali ikatandaza mkongo wa taifa hadi miji ya mbali. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, Garissa, Wajir na Mandera zilihitaji kulipa mishahara, kuagiza bidhaa na kutunza hesabu kwa tarakilishi. Mpango wa HSNP wa kuzilinda familia maskini dhidi ya njaa, ulioanza mwaka 2009 Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na baadaye kupanuliwa hadi kaunti nyingine ikiwemo Garissa, umekuwa ukilipa kwa kadi na akaunti za benki. Huko Dadaab, sehemu ya mgao wa chakula iligeuzwa mwaka 2016 kuwa Bamba Chakula, yaani thamani ya fedha inayotumwa kwenye laini ya simu ili familia ikanunue dukani.

Kwa hivyo mchunga ngamia ambaye hajawahi kugusa tarakilishi huenda chakula chake cha mwezi huu kikawa kinapitia humo.

Siku eCitizen ilipozimwa

Mfano bora wa hasara isiyohusu wizi wa siri ulitokea Julai 2023. Mnamo tarehe 27 mwezi huo, jukwaa la eCitizen, ambalo wakati huo lilibeba zaidi ya huduma 5,000 za serikali, lilianza kukwama. Waliotaka pasipoti, leseni za kuendesha gari au tiketi za treni hawakuweza kuzipata. Ununuzi wa umeme kwa tokeni na baadhi ya malipo ya simu pia ulitatizika. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Dijitali, alikiri kwamba shambulio lilifanyika lakini akasema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024, waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuliendesha kundi hilo.

Mbinu iliyotumika haihitaji kuvunja kufuli yoyote. Washambulizi huzielekeza mashine nyingi kuomba huduma kwa wakati mmoja, mamilioni ya maombi ya uongo, hadi seva ikashindwa kumhudumia mwenye haja ya kweli. Ni kama watu elfu moja wasiotaka kununua kitu kujipanga mbele ya duka moja tangu alfajiri. Bidhaa zote zimo, hazijaibwa, ila mteja hawezi kufika kaunta.

Mkazi wa Nairobi aliyekwama siku hiyo aliweza kurudi kesho yake. Aliyesafiri kutoka Liboi au Hulugho hadi mjini Garissa kwa gari la mizigo, akalipa malazi, hasara yake ilikuwa ya aina nyingine. Huduma zinapohamishiwa mtandaoni na madirisha ya zamani kufungwa, uthabiti wa mtandao huwa ni suala la haki kwa walio mbali, na sijaona likijadiliwa hivyo mara nyingi.

Nambari iliyoazimwa

Hebu sasa tuje kwenye hatari kubwa zaidi kwa mtumiaji wa kawaida. Haina jina la kutisha, wala haikubuniwa na mdukuzi yeyote. Ni kumpa mtu mwingine nambari yako ya siri.

Nambari ya siri ya M-Pesa ina tarakimu nne. Kaskazini Mashariki ndilo eneo lenye viwango vya chini zaidi vya kusoma na kuandika nchini, hasa miongoni mwa wanawake wazee, na menyu za simu huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Basi mama hufika kwa wakala, akamkabidhi simu, akataja tarakimu zake nne kwa sauti, na wakala akamfanyia kila kitu. Wengine huzihifadhi kwa mjukuu anayesoma shule. Wengine wameziandika kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya betri. Haya si ujinga. Mtu anayehitaji fedha zake leo na hawezi kusoma kioo cha simu hana njia nyingine rahisi, na jamii iliyozoea kuaminiana kwa ukoo haioni aibu kumwamini kijana wa nyumbani.

Tatizo ni kwamba uaminifu wa zamani ulikuwa na mashahidi. Mbele ya kibanda cha taar, wakala akimpunja mtu, kumi walisikia kiasi kilichotajwa. Kwenye simu, anayejua kiasi ni yule anayesoma. Akisema umetumiwa shilingi 3,000 ilhali zilikuwa 5,000, nani atamkosoa? Wala mwathiriwa akienda kulalamika hana msingi imara, kwani kanuni za huduma hizi humtwika mteja jukumu la kuilinda nambari yake.

Wapo wasioweza hata kuwa na laini yao wenyewe. Usajili wa laini za simu ulioanza mwaka 2010 unahitaji kitambulisho, na maelfu ya Wakenya wa Garissa, Wajir na Mandera walikosa vitambulisho kwa sababu ya tatizo la kusajiliwa mara mbili. Wakati wa ukame, hasa katika miaka ya 1990 na tena ule wa mwaka 2011, familia za Wakenya zilijiandikisha Dadaab kama wakimbizi ili zipate chakula na matibabu, na watoto wakachukuliwa alama za vidole. Walipofika umri wa miaka 18 na kuomba kitambulisho, mashine ilitoa jibu kwamba vidole hivyo ni vya mkimbizi. Makadirio yanayotajwa na watetezi wa haki ni takriban watu 40,000. Suala hilo limefikishwa hadi Mahakama Kuu mjini Garissa.

Hilo ni jambo la usalama wa mtandao pia, ingawa haliitwi hivyo. Data iliyokusanywa kwa shughuli moja, chakula cha msaada, ilitumika kwa nyingine, uraia. Nywila ikivuja utaibadilisha, lakini kidole hukibadilishi. Na mtu aliyenyimwa kitambulisho hutumia laini ya binamu au ya shemeji, fedha zake zikaingia kwenye jina la mwingine, naye akarudi palepale kwenye nambari iliyoazimwa.

Lipo jambo moja linalosaidia hata kwa asiyejua kusoma. Tarakimu hujulikana na wengi ambao herufi zinawashinda, kwani bei za mbuzi huhesabiwa kila siku. Mzee anaweza kufundishwa mchanganyiko wa menyu kwa mpangilio wa vitufe, kama mtu anavyokariri, na akabonyeza tarakimu zake nne mwenyewe baada ya msaidizi kumfikisha hapo. Msaidizi ageuze uso. Hatua hiyo ndogo huacha msaada uendelee bila siri kutoka.

Anayepiga simu akijua jina lako

Walaghai wa simu ndio wanaofahamika zaidi. Simu huita, sauti ya adabu ikakutaja kwa jina, ikasema inatoka kwa kampuni ya simu au benki, kwamba laini yako itafungwa au kuna fedha zimeingia kwako kimakosa. Maafisa wa magereza nchini wamenasa mara kwa mara simu na laini katika seli za wafungwa, na gereza la Kamiti limekuwa likitajwa tangu miaka mingi kwa biashara hiyo. Huko Kaskazini Mashariki ulaghai huu umejifunza Kisomali. Anayekuita "walaal" na kukuuliza hali ya mvua na mifugo kabla ya kuingia katika shughuli yake ana nafasi kubwa zaidi ya kusikilizwa kuliko mgeni anayekimbilia fedha.

Safaricom imetangaza kwamba huwapigia wateja wake kwa nambari 0722 000 000 pekee, na kwamba ujumbe wa ulaghai waweza kutumwa kwa 333 bila malipo. Hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote ya simu au benki anayehitaji nambari yako ya siri, kwa sababu yoyote ile.

Mbaya zaidi ni wizi wa laini yenyewe. Mlaghai hukusanya jina lako kamili, nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, kisha akaiomba kampuni, mara nyingine kwa msaada wa mtu wa ndani, imhamishie nambari yako kwenye kadi mpya ya simu. Ghafla simu yako hupoteza mawimbi. Mjini Nairobi jambo hilo humshtua mtu mara moja. Modogashe au Balambala, ambako mawimbi hukatika kila siku, mwathiriwa hudhani ni kawaida na hulala, na usiku huo akaunti yake hukaushwa. Ikiwa simu ya jirani wa mtandao huohuo ina mawimbi na yako haina kwa zaidi ya dakika chache, tumia simu ya jirani kuipigia kampuni. Wateja wa Safaricom wanaweza kubonyeza *106# kuona nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Kampuni hiyo pia ilianzisha *100*100#, inayozuia laini kubadilishwa pengine popote isipokuwa katika maduka yake.

Katika soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa zaidi ya ng'ombe katika kanda hii, ulaghai una sura nyingine. Mnunuzi huonyesha ujumbe wa malipo, na wa muuzaji pia huingia ukiwa na maneno yaleyale ya M-Pesa, hadi kwenye salio. Ng'ombe hupakiwa. Ujumbe uliandikwa na mtu. Unaotoka kwa mtambo wa M-Pesa huja kwa jina hilo, si kwa nambari ya simu ya kawaida, lakini kwa kuwa majina yanaweza kuigwa, muuzaji wa busara hausomi ujumbe kabisa: huangalia salio lake, kisha akafungua zizi.

Akina mama wa ayuuto, ule mzunguko wa kuchangiana fedha ambao wengine huuita hagbad na Nairobi ungeitwa chama, sasa hukusanyika katika WhatsApp. Mwizi humwomba mmoja wao tarakimu sita alizotumiwa "kwa makosa". Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa kuihamishia akaunti kwenye simu nyingine. Dakika chache baadaye kundi zima hupokea ombi la mkopo wa dharura kutoka kwa mwenzao wanayemwamini. Uthibitishaji wa hatua mbili, unaopatikana katika mipangilio ya WhatsApp yenyewe, huongeza nambari ya siri ya pili ambayo mwizi hawezi kuipata kwa ujumbe huo.

Kuuza matumaini

Wasomali wa Dadaab wana neno buufis, linalomaanisha hamu kali ya kupelekwa ng'ambo, hamu inayoweza kumkosesha mtu usingizi na hata akili. Walaghai walilijua neno hilo kabla ya wataalamu. Kuna barua-pepe, kurasa za Facebook na fomu za mtandaoni zinazoahidi nafasi ya kuhamishiwa Marekani, Canada au Australia kwa ada ya usajili. Shirika la UNHCR limerudia kutangaza kwamba huduma zake zote ni za bure, na kwamba hakuna anayeweza kununua nafasi hiyo. Tangazo hilo hufika, lakini matumaini hufika mapema zaidi. Marekani ilipousimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi mnamo Januari 2025, maelfu ya familia zilizokuwa zimengoja miaka mingi zilibaki zikitafuta mlango mwingine wowote. Hali kama hiyo ndiyo malisho ya matapeli.

Matangazo ya kazi za mashirika ya misaada hughushiwa vivyo hivyo. Fomu huomba nakala ya kitambulisho, vyeti vya shule na nambari ya akaunti. Hata asipotozwa senti, mwombaji amekwisha kumpa mwizi kila kitu anachohitaji kuiba laini yake. Anwani ya tovuti isomwe kuanzia mwisho wa jina kurudi nyuma, kwa kuwa mwizi huweka jina linalojulikana mwanzoni na kulificha lake mwishoni. Alama ya kufuli juu ya ukurasa inaonyesha tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hiyo hayasikiki njiani. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili.

Saiba na flashi

Mwaka 2008 nilitumwa Garissa kuandika makala kuhusu bei za mifugo. Kwenye saiba moja karibu na soko, niliichomeka flashi yangu, nikaandika, nikatuma, nikalipa. Niliporudi Nairobi faili zote katika flashi hiyo zilikuwa zimegeuka vijipicha visivyofunguka. Nami, kwa bidii ya mtu asiyejua, nikazijaribu katika tarakilishi tatu tofauti za ofisi nione kama moja itazifungua. Fundi alifanya kazi hadi usiku wa manane. Faili zilikuwepo muda wote, virusi vilikuwa vimezificha tu na kuweka nakala zao mahali pake. Lakini sijasahau macho ya fundi yule.

Saiba za Garissa bado zina wateja, hasa wanaojaza fomu za eCitizen, za mikopo ya elimu ya juu na za kujiunga na vyuo. Mashine inayotumiwa na watu mia kwa wiki huenda ikawa na programu inayonakili kila kitufe kinachobonyezwa, na mwenye saiba asijue. Kivinjari nacho huuliza kwa upole kama kihifadhi nywila yako, na mteja mwenye haraka hubonyeza ndiyo. Wengi huiacha kitambulisho na vyeti vyao katika folda ya vitu vilivyopakuliwa. Kabla ya kuondoka, ondoka katika akaunti, futa faili zako, na ukifika kwenye simu yako mwenyewe badilisha nywila. Ombi hili ni hata kwa wenye saiba: mwanafunzi anapokuomba umfungulie akaunti, usiipe nywila ile unayowapa wote. Katika saiba nyingi mtindo huo umezoeleka, na yeyote anayeijua nywila moja anazijua za kijiji kizima.

Virusi vya tarakilishi ni programu zilizoandikwa kujinakili na kuenea, ama kwa flashi, ama kwa viambatisho vya barua-pepe, ama zenyewe kupitia mtandao. Mnamo Mei 2000 kimoja kilichojidai kuwa barua ya mapenzi kilitoka Ufilipino na kuizunguka dunia kwa siku chache, kwa sababu tu kila aliyekipokea alitaka kujua nani anampenda. Vya kisasa havina mzaha. Tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilizifunga faili za zaidi ya tarakilishi 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Hospitali za umma nchini Uingereza ziliwarudisha wagonjwa nyumbani. Tundu lililotumika lilikuwa limezibwa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Waliodhurika ni wale ambao hawakuwa wamesasisha mashine zao.

Hapo ndipo ofisi nyingi za maeneo ya mbali zilipo hata leo. Programu za kunakiliwa bila leseni hazisasishwi ipasavyo. Intaneti ni ghali, kwa hivyo mtumiaji huzima masasisho ili kuokoa data. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kubeba toleo linalofuata. Ofisi iliyo katika hali hiyo inaweza kufanya jambo moja la bei nafuu: kuweka nakala ya akiba ya faili muhimu kwenye diski isiyoachwa ikiwa imechomekwa. Virusi vya fidia hufunga kila wanachokifikia, na nakala iliyobaki imeunganishwa kwenye mashine hufungwa pamoja nayo.

Mlingoti ukianguka

Nchi nyingi huandika kuhusu usalama wa mtandao bila kutaja chuma na saruji. Kaskazini Mashariki hatuwezi. Kwa zaidi ya mwongo mmoja, wapiganaji wa al-Shabaab wamelipua milingoti ya mawasiliano Garissa, Wajir na Mandera, wakiilenga ili vijiji visiweze kuita msaada. Mlingoti mmoja ukianguka, wakala hafanyi kazi, mgonjwa hapati ambulensi, na mshahara wa mwalimu hautoki. Kuutengeneza huhitaji mafundi kusindikizwa na polisi, na mara nyingine huchukua miezi.

Mandera, hasa karibu na mpaka, wakazi wamelazimika kununua laini za kampuni za Somalia kama Hormuud ili waweze kuzungumza hata na jirani. Laini hiyo haipo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mwenye laini hiyo akiibiwa, nambari za malalamiko zilizotajwa hapo juu hazimfai.

Sheria

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ilitiwa saini Mei 2018, ikapingwa mahakamani kwa hofu ya kuminya uhuru wa kusema, na ikafanyiwa marekebisho mwaka 2025 huku hofu ileile ikizuka upya. Kwa upande wa wizi haina utata: ilipotungwa, kuingia katika mtambo bila idhini kuliwekewa faini isiyozidi Sh5 milioni au kifungo kisichozidi miaka mitatu, na ulaghai kwa kompyuta faini ya hadi Sh20 milioni au kifungo cha hadi miaka 10. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo humpa mwananchi haki ya kujua kwa nini data yake inachukuliwa, na ya kutaka isahihishwe ikiwa si kweli. Waliosajiliwa mara mbili walihitaji kifungu kama hicho miaka ishirini kabla hakijaandikwa.

Kesi chache hufika mahakamani. Mwathiriwa wa Sh3,000 hasafiri kilomita 100 kwenda kuripoti, na ushahidi wake mara nyingi umekwisha kufutwa. Ukilaghaiwa, usiufute ujumbe hata kama unakuudhi. Andika saa, nambari iliyokupigia na msimbo wa muamala. Ikiwa fedha zimetoka kwa M-Pesa, tuma ujumbe wa muamala huo kwa 456 papo hapo, kwani fedha ambazo hazijatolewa na mwizi huweza kuzuiliwa. Kisha wajulishe walio katika makundi yako ya WhatsApp kwa sauti, si kwa maandishi, ili wajue ni wewe.